Mume wangu akienda likizo anakula kama anayedai deni

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka 11 na mwingine 5. Tunaishi Moshi. Desemba watu wote wanapanda kuja kwetu, sisi mwaka jana tukashuka. Mume wangu alipata fedha kidogo kazini akasema mara moja katika maisha yetu twende Zanzibar tukaone bahari. Tukakaa siku tano kwenye hoteli ya ufukweni, zile za kulipia kila kitu mara moja: asubuhi, mchana, jioni, vitafunwa vya saa kumi na vinywaji hadi mnapokwenda kulala.

Nisikufiche Shangazi, bahari ilikuwa nzuri. Lakini tulirudi hoi.

Shida ilianzia kwenye basi. Tuliondoka alfajiri. Watoto walipewa soda na biskuti za basi, tulipofika pale basi linaposimama kwa chakula wakanunuliwa chipsi kuku, na mbele kidogo soda nyingine. Mimi sikunywa hata funda la maji kwa kuogopa kuchimba dawa porini na gari zima linasubiri. Nilifika Dar kichwa kinagonga, na choo nilikipata siku ya tatu.

Hotelini ndiyo ikawa balaa. Mume wangu ana presha, huu mwaka wa tatu yuko kwenye vidonge. Nyumbani anakula ndizi, maharage, mboga, halalamiki. Pale alipoona bafe alibadilika. Sahani ya kwanza, ya pili, sosegi, nyama za kuchoma, keki, anarudi tena. Nikimgusa kiwiko ananiambia, "Mama, nimelipia." Siku ya nne akaumwa kichwa, zahanati wakampima wakakuta 170 kwa 110. Vidonge? Vilibaki Moshi, juu ya friji.

Mdogo naye alianza kuhara baada ya ile jioni tuliyokwenda mjini kula kamba na mishkaki ya baharini kwenye meza za nje, tukashushia na juisi ya miwa yenye barafu.

Kingine nakiona aibu hata kukisimulia. Jioni moja nilipita nyuma ya jiko nikaona kijana anamwaga sahani kwenye pipa. Sahani moja niliijua, ilikuwa ya mwanangu: wali haujaguswa na kipande kizima cha samaki. Mimi nimekuzwa na bibi aliyekuwa akiokota punje ya mchele chini. Na chupa ndogo za maji chumbani kwetu nilizihesabu siku ya kuondoka, zilikuwa 43.

Sasa mwaka huu anataka turudi palepale, na mwisho wa mwezi anatakiwa atume pesa ya kushikia vyumba. Safari hii tunakwenda na mama mkwe, ana miaka 68. Yeye ameshatangaza kwamba hawezi kula wali siku tano mfululizo, atabeba mkungu wake wa ndizi na ndoo ya nyama. Juu ya hayo, binti wa dada yangu aliyeko chuo amenifungia somo kwamba sisi watalii ndio tunaomaliza samaki na pweza, kwa hiyo tukifika tule mboga tu. Yaani niende kisiwani nikale mchicha!

Sitaki kuwa askari wa mezani. Na sitaki tena kurudi na wagonjwa wawili. Nifanye nini?

Mama Wawili, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimecheka kwenye ile ndoo ya nyama. Nitaifikia. Kwanza ujue kwamba hukushindwa kumsimamia mumeo. Mzozo wenu ulikuwa umeshaamuliwa tangu siku alipotuma fedha.

Mtu akilipia vyakula vya siku tano kwa mkupuo, kila anachokiacha mezani anakiona ni hela yake inabaki kwa mwenye hoteli. Mimi niliyezaliwa Tanga, nikafundishwa kwamba mgeni huacha tonge kwenye sahani, nilihudhuria semina Dodoma nikajikuta nimekula mayai ya namna tatu asubuhi moja. Nyumbani hata moja silimalizi. Huo ulikuwa ulafi? Sijui, lakini kichwani nilikuwa napiga hesabu. Ukimgusa mumeo kiwiko akiwa katikati ya hesabu hiyo, unamwambia apate hasara. Ndiyo maana anakujibu "nimelipia", na kwa upande wake anasema kweli.

Basi zungumza naye wiki hii, mbali na sahani. Chakula cha safari kinachaguliwa siku mnayochagua pa kulala. Mwambie mwaka huu mko watano na mama yumo, mnahitaji nyumba yenye jiko. Jambiani, Paje, Makunduchi, Nungwi, na hata mjini Unguja, zipo nyumba za kupanga kwa siku, vyumba viwili au vitatu, jiko na friji. Piga hesabu ya nyumba moja, weka kando ya vyumba viwili vya kila-kitu-ndani kwa watu watano, umpe karatasi aisome mwenyewe. Kama bado moyo wake uko hotelini, chukueni chumba na kifungua kinywa peke yake. Milo miwili iliyobaki kila mtu ataila kwa sababu ana njaa.

Najua utaniuliza: jiko hilo atalisimamia nani? Usithubutu kuwa wewe. Ukifika uliza mwenye nyumba akutafutie mama wa kijijini anayejua kupika, mkubaliane ujira kabla, mpe fedha ya sokoni aende au mwende wote. Mtakula wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha, bamia, bilingani, maharage, vyote vya siku ileile, na fedha yenu inabaki kwenye kijiji mnachokwenda kupiga nacho picha. Mambo mawili tu umwambie mapema. Moja, chumvi atie kidogo sana, anayetaka zaidi ataongeza mezani. Pili, mchuzi wa baba watoto upikwe kwa tui la pili, lile jepesi. Tui la kwanza ni tamu, nami silisemi vibaya, ila kila siku mara mbili ni zito.

Chumvi naisisitiza kwa sababu ya ile 170 kwa 110. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyote alivyokula toka asubuhi. Safarini chumvi haionekani ikitiwa. Imo kwenye sosegi, kwenye chipsi, kwenye vidonge vya supu, kwenye achari, na kwetu pwani imo kwenye ng'onda na papa mkavu. Mtu anaweza kuimaliza kwenye kifungua kinywa kimoja cha bafe. Lakini nikuambie jambo ambalo nadhani lina uzito kuliko sosegi zote: vidonge vilivyobaki juu ya friji. Vya mwaka huu vikae kwenye mkoba wa mkononi, usiwekwe kwenye buti la basi, na viwe vya siku kadhaa zaidi ya safari, maana meli inaweza kuahirishwa. Kama kuna kipimo nyumbani, kibebeni. Ajipime mwenyewe asubuhi, asome mwenyewe. Namba haina kelele za mke.

Tuje barabarani. Moshi mpaka Dar ni siku nzima kwenye kiti, na humo ndimo watoto wako walikunywa sukari yote. Chupa ya soda ya nusu lita ina sukari inayopita vijiko 10 vya chai, na hao walikunywa mbili. Usiwakataze bila kuwapa kitu, mtoto hakatazwi kwa mkono mtupu. Usiku wa kuamkia safari chemsha mayai, chemsha viazi vitamu au mihogo, kaanga karanga, jaza chupa za maji za nyumbani. Vitu vikavu, visivyo na mchuzi, visivyochacha kwa joto. Wali na nyama ya jana usiviweke kwenye hotpoti ukavila saa nane mchana. Hotpoti likipoa kidogo linakuwa joto zuri la kufugia vijidudu, na wali ukishakaa hivyo hata kuupasha moto hakuondoi sumu iliyokwisha kutengenezwa.

Mengine yanapatikana dirishani. Mombo kuna matunda yaliyoshuka kutoka Lushoto. Kuanzia Korogwe kuja Segera kuna machungwa, ndizi na mahindi ya kuchoma. Mkifika Chalinze mtakuta mananasi ya Kiwangwa. Nunueni matunda mazima, mmenye wenyewe, mikono imenawishwa. Nanasi lililokatwa na kuwekwa kwenye kimfuko juani waachie wenye matumbo ya chuma. Chipsi kuku za kwenye kituo? Wape watoto sahani moja wagawane, wafurahi. Likizo isiyo na chipsi watoto wataiita adhabu, na watakuwa na haki.

Na wewe, mama, unywe maji! Wanawake wengi mnasafiri mkiwa mmejikausha kwa ajili ya choo. Kunywa vizuri jioni ya kabla ya safari na asubuhi mapema, halafu funda kila baada ya muda, na kila basi linaposimama shuka hata kama hujabanwa. Mwambie kondakta tangu Moshi kwamba una mtu mzima wa miaka 68, asimame mahali penye choo. Kwa jina la mama mkwe basi litasimama, kwa jina lako wewe litapita.

Meli sitaizungumzia sana. Kula kidogo na kikavu kabla ya kupanda, chai ya tangawizi, kaeni mahali mnapoona mbele. Chipsi na mtindi kabla ya bahari ni kutafuta ugomvi na jirani wa kiti.

Sasa huyo binti wa chuo. Ana ukweli, ila ameukata vibaya. Mvuvi wa Jambiani hafaidiki ukila mchicha na kuku wa friji aliyetoka ng'ambo. Anafaidika ukinunua samaki anayestahili kuvuliwa, kwa bei ya haki, na ukamwacha asiyestahili. Ningekuwa mimi ningeanza na wadogo wanaozaana haraka: dagaa, vibua. Hao wana nguvu mwilini, bei nafuu, na bahari inawarudisha upesi. Changu na tasi wa saizi ya sahani, sawa. Chewa mkubwa simshauri, anakua taratibu, kila anayetolewa anachukua miaka kurudi. Papa na taa hali kadhalika, huzaa wachache. Najua papa mkavu ni chakula chetu cha jadi na nitatukanwa kwa maneno haya, lakini nimeacha kumnunua. Kamba kochi mwenye mayai chini ya tumbo, au mdogo wa kiganja, mkatae hata ukipunguziwa bei.

Pweza ana mkasa wake na ningependa watoto wako waujue. Jike hutaga mara moja tu maishani, hukaa pangoni akiyalinda mayai mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Maisha yake ni mafupi, hukua kwa kasi ya ajabu. Ndiyo sababu baadhi ya vijiji vya pwani, Kisiwa Panza huko Pemba wakiwemo, wamekuwa wakifunga miamba yao kwa miezi michache bila mtu kugusa pweza, na wakifungua wanatoa wakubwa. Kwa hiyo pweza unaweza kumla bila dhambi, mradi usinunue wa chini ya nusu kilo. Jingine ambalo watalii hawalijui: wanaokwenda mwambani kwa miguu, wengi wao wanawake, wanakwenda siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakitoka mbali. Ukiuziwa "pweza wa leo leo" katikati ya maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali, muulize muuzaji alimtoa wapi. Pengine ana jibu zuri. Pengine ametoka kwenye friji.

Kuna mmoja wa kukataa bila mjadala, naye ni kasa. Analindwa na sheria, na nyama yake inaweza kuua. Machi 2024 hukohuko Kisiwa Panza watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine wengi wakalazwa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Bunju, yule samaki wa sumu anayejivimbisha, naye muache, mkimkuta mwambani msimguse.

Kazi ya samaki mpe mumeo. Nasema kweli. Mwanamume anayekaa mbele ya bafe bila kazi hula. Mwanamume aliyeamka saa kumi na mbili kwenda kuwasubiri wavuvi, akabishana bei, akarudi na samaki amemshika matamvua, huyo atakaa mezani akisimulia, na atataka watu wote wamle samaki wake. Mfundishe kutazama: jicho liwe limejaa na linang'aa, matamvua mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Jodari, nguru na kibua wasiwe wamekaa juani. Samaki wa jamii hiyo wakipata joto hutengeneza kitu kinachowasha mdomo na kuufanya uso uwe mwekundu, na hata akaangwe mpaka akauke hakitoki.

Mboga na matunda mtapata soko la Mwanakwerekwe mkiwa njiani kwenda kusini, au Darajani kama mko mjini. Desemba ni msimu wa maembe, kula maembe. Beba vikapu vyako na mabakuli yenye mifuniko. Mifuko ya plastiki Zanzibar waliikataa zamani, bara tukafuata Juni 2019, lakini vyakula vya kubeba bado utafungiwa kwenye makopo mepesi yanayoishia ufukweni. Zile chupa 43 dawa yake ni rahisi: nunueni dumu kubwa la maji ya kunywa, lile linalorudishwa tupu dukani likajazwa tena, kila mtu ajaze chupa yake aliyotoka nayo Moshi. Maji ya bomba chemsheni, hata ya kupigia mswaki kwa mdogo.

Jioni ya mjini msiifute. Forodhani ni raha, nami kila nikifika Unguja nakwenda. Ila kamba na ngisi waliopangwa mezani toka jua linazama, wakipashwa kila mteja akija, siwagusi. Simama pale kinapopikwa kitu kutoka kibichi mbele ya macho yako na foleni ya wenyeji ipo. Urojo wa moto gawaneni bakuli mbili watu watano, maana bhajia zake na chumvi yake si rafiki wa baba watoto. Juisi ya miwa bila barafu. Dafu ni bora zaidi, linakuja na chupa yake.

Mdogo akihara tena, Mungu aepushe, usianze na vidonge vya kufunga tumbo. Beba pakiti za dawa ya chumvi na sukari za duka la dawa. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, anywe kidogo kidogo, na zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza. Aendelee kula. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hakojoi, au anatapika kila anachokunywa, usingoje asubuhi.

Tuseme mumeo ameshinda na mmerudi hoteli ileile. Basi zungukeni meza yote mikono mitupu kwanza, mtazame, ndipo mchukue sahani. Mtoto apakuliwe na mtu mzima, kidogo, aruhusiwe kurudi. Sahani iliyomwagwa haikuwa kosa la mwanao. Mtoto wa miaka mitano hawezi kupima njaa yake mbele ya meza ya vyakula arobaini. Halafu kuna siri ambayo nimeitumia mara nyingi: waulize wahudumu kwa adabu leo wafanyakazi wanakula nini. Mara nyingi ni wali, maharage, mchicha na samaki. Omba hicho. Wakati mwingine nimepewa kwa furaha kuliko nilivyopewa kitu chochote cha kwenye orodha ya chakula.

Nimebakiza mama mkwe, na huyu ndiye mtu wako. Yaani watu wote mnamwona kikwazo, kumbe katika safari nzima ni yeye peke yake aliyewaza atakula nini kabla ya kuondoka. Nyumba ikiwa na jiko, mwambie mumeo mama ameomba mahali pa kupikia ndizi zake. Nataka nimwone atakayemkatalia mama yake. Mtori wake mtaunywa siku ya kwanza mkiwa mmechoka na safari, na tumbo la mdogo litaupokea hata likiwa na hasira. Ndoo ya nyama mkatalie kwa upole, nyama mbichi haivumilii siku nzima ya joto kwenye basi na meli juu yake. Mwambie atanunua huko, mbichi, mbele ya macho yake, na achague mwenyewe. Mkungu mzima pia usipande basini. Zikatwe chane mbili au tatu za mchare mbichi kabisa, zipangwe kwenye kikapu chenye matundu. Akizifunga kwenye kiroba zitavuka bahari zikiwa zimeshaiva.

Shangazi